Askari Aliyekufa Vizuri

Gari la sinema lilipofika mgodini Geita, kiangazi cha mwaka wa hamsini na mbili, hakuna aliyefurahi kama Mihayo. Wengine walifurahi kwa sababu sinema ilikuwa bure. Mihayo alifurahi kwa sababu alikuwa na kesi na watu wa pale, na sasa aliona shahidi wake amekuja.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mihayo alipigana Burma katika jeshi la Keya la Waingereza, akarudi salama, akapata kazi ya kutoboa miamba chini ya mgodi. Kila alipoulizwa habari za vita alisimulia mvua, tope, ruba, njaa, na mizigo ya mabomu iliyochubua mabega mpaka nyama. Wakimuuliza amewaua Wajapani wangapi, alijibu kwamba hajui, kwa kuwa muda wote aliokaa kule hakuwahi kumwona Mjapani aliye hai. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu gani huyo anakwenda vitani asimwone adui? Wakampa jina la Hamali. Yeye alivumilia, lakini jina lile lilimkereketa kama makapi ya mtama ndani ya shati.

Sasa mkalimani wa gari la sinema, kijana wa Mwanza aliyenyoosha suruali yake vizuri mno, alipita kambini na kipaza sauti akitangaza kwamba jioni itaonyeshwa picha ya vita vya Burma. Mihayo akawapitia wenzake mmoja mmoja. Aliwaambia, "Njooni muone wenyewe. Mkitoka hapo mtaniomba radhi." Akabeba kigoda chake akakaa mbele kabisa, karibu na kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye nguzo za goli.

Picha ikaanza kwa muziki. Mihayo akakunja uso, maana Burma hakukuwa na muziki. Wakatokea askari, mashati yamepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, wanapita kwenye msitu ambao jua liliwaka mpaka chini. Hakuna aliyebeba kitu zaidi ya bunduki. Wanatembea wakicheka, na kofia zao hazikuwa na hata doa.

"Mvua iko wapi?" Mihayo alimuuliza jirani yake. "Na mizigo nani kabeba?"

"Nyamaza bwana, tunaangalia."

"Adui huyo anakuja!" alipaza sauti mkalimani kwa Kisukuma. Na adui akaja kweli. Wajapani thelathini walitoka mafichoni, wakasimama wima mahali peupe, wakakimbia kwa mstari kama ng'ombe wanaopelekwa joshoni, na askari wetu wakawaangusha wote bila hata bunduki moja kukwama. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mihayo alihisi damu inampanda kichwani. Bunduki yake mwenyewe, ikishaingia maji siku mbili, ilikuwa haifai hata kuulia kuku.

Kisha ikafika pale penyewe. Askari mmoja kijana alipigwa risasi ya kifuani. Damu haikutoka ya kutosha hata kuchafua leso. Rafiki yake akakilaza kichwa chake gotini, na yule majeruhi akaanza kuzungumza. Alizungumza habari za nyumbani, za mfalme, za bendera. Alizungumza kwa muda mrefu hata Mihayo akadhani amepona. Mwisho akamtaja mama yake, akatabasamu, akafumba macho. Wanawake wa kambini wakaanza kupenga kamasi kwenye kanga zao.

Mihayo hakuweza tena. Aliruka juu akapiga kelele, "Uongo! Uongo mtupu! Hakuna mtu anayekufa hivyo!"

Kwa kuwa alisimama mbele ya mwanga, kivuli cha kichwa chake kikaufunika uso wa marehemu, na uwanja mzima ukamzomea. "Hamali, kaa chini!" Gunzi la hindi likampata kisogoni. Akakaa, na sinema ikaendelea kumdhalilisha mpaka mwisho.

Kama ingeishia hapo angemeza mate akaendelea na maisha. Lakini miongoni mwa waliolia usiku ule alikuwamo Mama Mabula.

Mabula, mtoto wa mama huyo, alikuwa rafiki wa Mihayo tangu wakichunga ndama. Waliandikishwa siku moja, wakapanda meli moja, na Burma walipangwa kikosi kimoja. Mabula hakurudi. Hakupigwa risasi. Alipatwa na tumbo la kuhara kwenye msimu wa mvua, akawa anatoka njiani kila mara kwenda kuchuchumaa, anarudi, anabeba tena mzigo wake, mpaka safari moja alipochuchumaa hakuinuka. Mihayo alimfuata akamkuta ameegemea mti, macho wazi, mvua ikimpiga usoni. Hakusema neno, wala hakukuwa na wa kumwambia. Walimzika kando ya njia wakaondoka. Mihayo aliporudi alimsimulia Mama Mabula yote bila kuficha, kwa sababu mama aliuliza, na kwa sababu aliamini kwamba kumdanganya mama juu ya kifo cha mwanawe ni sawa na kumzika mtu kaburi la mwenzake. Mama alisikiliza akainamisha kichwa. Tangu hapo Mihayo akawa anamlimia shamba na kumwezekea nyumba kama mtoto wake wa kumzaa, na yeye mwenyewe, aliyefiwa na mama yake mapema, alipata tena mahali pa kuita nyumbani.

Jumapili baada ya sinema alikwenda kwake na mzigo wa nyasi za kuezekea.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama Mabula alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe. Aliendelea kuipanga kipande kwa kipande. Marahaba haikutoka.

"Mama, hujambo? Nimeleta nyasi."

"Zirudishe," alisema. "Juzi nimeona jinsi askari wanavyokufa."

Mihayo akatua mzigo. "Mama, ile ni picha tu."

"Picha hupigwa kwa kitu kilichopo. Wewe ulipopigwa picha pale mgodini, ya kwenye kipande chako cha kazi, si ulikuwa umekaa hapo kwenye kiti? Au walipiga picha hewa ukatokea wewe?"

"Nilikuwepo. Lakini wale ni watu wanaoigiza, mama. Wanalipwa. Akishakufa anaamka anakwenda kula."

Mama Mabula alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo mpiga picha asiyenijua, asiyetaka kitu kwangu, ndiye mwongo. Na wewe ndiye mkweli." Akasimama, akajikung'uta unga wa michembe mikononi. "Mtoto wangu alikuwa mkubwa kuliko wewe, mzuri kuliko wewe, na ngoma alicheza kuliko wewe. Nilijua ulikuwa na kijicho. Lakini sikudhani utamngoja afe ndipo umpake mavi."

Mihayo aliunyanyua tena mzigo wa nyasi. Alitaka kulia, na alitaka kuvunja vunja kila kitu kilichokuwa pale uani.

"Usije tena hapa," alisema Mama Mabula, akaingia ndani.

Klara, mke wa Mihayo, alipoona mzigo wa nyasi unarudi alijua. Alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mume wangu, kwani shida iko wapi? Mwambie tu anachotaka kukisikia."

"Nimwambie uongo?"

"Mwambie mtoto wake alikufa vizuri."

"Hakufa vizuri! Hakuna aliyekufa vizuri kule!" Alipiga kelele hata kuku wakakimbia. "Nyie wote mnajua vita kwa kuangalia kitambaa. Mimi nilikuwepo! Mtu aliyekuwepo ndiye haaminiwi, akili gani hii?" Klara akachukua chungu chake akaondoka taratibu. Alikuwa amezoea.

Siku chache baadaye akaja Mageni, manju aliyeongoza ngoma ya Wagika, akiwa na haraka ya mtu mwenye neno. Wasukuma wote wa pale, wawe wachimbaji au wakulima, walikuwa wamegawanyika pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu, na kila kiangazi baada ya mavuno pande hizo zilishindana. Hakuna hakimu. Pande zote mbili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, huku na huku, na watazamaji huenda wanakotaka. Upande uliobaki na watu wachache umeshindwa, na utataniwa mwaka mzima. Ndiyo maana manju wa kweli halali usingizi. Anatafuta nyimbo mpya, dawa mpya za mvuto, na vituko ambavyo havijapata kuonekana.

"Jilala anaandaa vita," Mageni alisema. Jilala, mzaliwa wa upande wa Masumbwe, ndiye alikuwa manju wa Wagalu, na kwa ufundi wa kuteka watu hakuwa na mpinzani. "Ameiona ile sinema, akaenda tena kuiona ilipoonyeshwa Chato. Amechonga bunduki za mbao. Amepaka vibuyu rangi vikawa kofia za chuma. Mwanamume yule hajapita Mwanza, lakini watu wanasema ukimwona anavyopigwa risasi utalia. Sasa Mihayo, sisi tunaye askari halisi. Tufundishe vita tumwaibishe."

 Akili ya Mihayo ilikuwa imekimbilia mbali. Uwanjani angekuja kila mtu, na Mama Mabula hakuwahi kukosa ngoma ya Wagika hata siku moja, maana Mabula alikuwa Mgika. Kama maneno yake hayaaminiki kwa sababu ni maneno, na picha inaaminika kwa sababu inaonekana, basi na yeye ataonyesha. Atamwonyesha mama yule kwa macho yake.

"Nitakubali," alisema, "lakini vita itachezwa ilivyokuwa. Sitaki nyongeza."

"Ilivyokuwa ndiyo tunayoitaka!" Mageni akampa mkono. Maskini, hakujua.

Mazoezi yalikuwa balaa. Siku ya kwanza Mihayo aliagiza wanawake walete maji mitungi arobaini kumwaga uwanjani kutengeneza tope, nao wakamuuliza kama amerukwa na akili, kiangazi kile, maji yale ya kufuata bondeni. Wakaleta ishirini. Siku ya pili aliwatwisha wachezaji mawe kwenye magunia, akawaamuru watembee kwa mstari, kimya, kila mmoja ameshika mkia wa shati la mwenzake.

"Adui anatokea wapi?" aliuliza mmoja.

"Hatokei."

"Sasa tunampigaje?"

"Hatumpigi. Tunasikia bomu linalia mlima wa pili, tunalala topeni. Likinyamaza, tunaamka, tunatembea tena."

"Halafu?"

"Halafu tunalala topeni tena."

Wachezaji walitazamana. Mageni alimvuta Mihayo kando. "Ndugu yangu, mwili wangu wote unakubali kwamba ulikuwepo. Lakini weka risasi moja. Moja tu! Weka Mjapani mmoja aruke ruke, watu wamwone. Ngoma bila adui ni kama harusi bila bibi harusi."

"Hakukuwa na Mjapani wa kurukaruka."

"Basi hata wimbo?"

"Tulikatazwa kuimba."

Mageni alishika kiuno, akatazama angani. Angemfukuza, lakini tayari alikuwa ametamba kila kilabu cha pombe kwamba ana askari halisi, na kurudi nyuma kungekuwa aibu. Akaenda kuongeza dawa za mvuto kwa mganga, akitumaini dawa itafidia.

Siku ya mashindano watu walifurika, kutoka kambini, vijijini, na wachimbaji wadogo kutoka mbali. Mama Mabula alifika mapema akiwa amejitanda kaniki mpya. Akaweka kigoda chake upande wa Wagika, mstari wa mbele. Hakumsalimu Mihayo, lakini alikuja, na hilo lilimtosha. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku aliyoshuka melini.

Ngoma za pande zote zikalia pamoja. Wagika wakaingia na mizigo yao, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, matope mpaka magotini. Mihayo mwenyewe alikuwa mbele. Mwanzoni watu walikuwa wengi upande wao, wamenyoosha shingo, wakingoja. Mstari ukazunguka uwanja. Ukazunguka tena. Ngoma ikapiga dum, wakalala topeni. Wakaamka, wakazunguka.

"Itaanza lini?" sauti moja iliuliza.

"Ndiyo imekwisha anza."

"Hiyo si vita, ni wapagazi."

Kutoka kwa Wagalu ulisikika mlipuko, moshi ukapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakaanza kuchomoka, mmoja, watano, familia nzima na watoto mgongoni. Mihayo aliwaona kwa pembeni ya jicho, akasaga meno, akaendelea kutembea. Waende. Aliyekuwa anamtaka alikuwa bado amekaa.

Ndipo ikafika zamu ya kijana aliyecheza Mabula. Alitoka kwenye mstari, akatua mzigo, akachuchumaa. Akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu uwanja ulipasuka kwa kicheko. "Amekula nini huyo?" "Mpeni majani ya mpera!" Hata wapiga ngoma wa Wagika walikuwa wanacheka, fimbo zikawaponyoka. Kijana aliegemea kijiti kilichowekwa badala ya mti, akaacha mdomo wazi kama alivyofundishwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Naye alikuwa anacheka.

Mihayo aligeuka kumtazama Mama Mabula. Mama alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa hauna kitu. Alikiinua kigoda chake, akakipachika kwapani, akavuka uwanja polepole kwenda upande wa Wagalu.

"Mama!" Mihayo alitupa mzigo, akamfuata na matope yake. Waliobaki wote wakafuata nyuma, maana sasa palikuwa na jambo la kutazama.

Upande wa Wagalu Jilala alikuwa ndiyo kwanza amepigwa risasi. Damu ya ng'ombe ilimtiririka kifuani. Alipepesuka huku, akapepesuka kule, akapiga goti, akainua mkono kupiga saluti, akaanguka chali taratibu. Ni lazima isemwe, yule bwana alijua. Akanyoosha mkono hewani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "Nisalimieni mama yangu."

Mama Mabula alitupa kigoda. Akaingia katikati ya uwanja, akapiga magoti, akakipakata kichwa cha Jilala, akatoa kile kilio cha msiba ambacho Mihayo hakuwahi kumsikia akikitoa, hata siku alipoletewa habari. "Mwanangu! Mabula wangu!" Ngoma zikanyamaza zenyewe. Jilala, kwa ufundi wake wote, hakujua la kufanya. Aliogopa kufufuka. Akafungua jicho moja, akamwona Mihayo amesimama pale, akamwomba msaada kwa jicho hilo hilo.

"Mihayo!" Mama Mabula aliinua uso uliolowa machozi. "Wewe ulikuwepo. Sema leo mbele ya watu. Ndivyo alivyokufa?"

Uwanja mzima ukamgeukia, Wagika na Wagalu pamoja. Mihayo alihisi uzito wa ukweli uleule alioubeba tangu Burma. Aliwachukia wote saa ile. Alilichukia gari la sinema na mkalimani wake. Alimchukia Jilala, ambaye hakuona vita hata kwa mbali na bado alijua kufa kumzidi kila mtu aliyekufa kweli. Kisha akaiona mikono ya yule mama. Ilikuwa inampangusa Jilala vumbi kwenye paji la uso, polepole, kwa ncha ya kaniki mpya.

"Ndivyo, mama," alisema.

"Alilala hivi?"

"Hivi hivi."

"Kichwa chake alikishika nani?"

"Nilikishika mimi."

"Na kweli alinitaja?"

"Alikutaja, mama. Alisema tukusalimie."

Mama Mabula alilia. Alilia kama mtu aliyefunguliwa kamba, na wanawake wakamzunguka wakalia naye, wa pande zote mbili, na hata Mageni aliyekuwa ameshindwa vibaya alionekana anapangusa macho. Mihayo alisimama katikati yao, tope likimkaukia miguuni. Hakuna aliyemwita Hamali. Kila mtu alimtazama kwa heshima, na heshima ile ilimuuma.

Kilio kilipopungua Mama Mabula alijifuta uso, akamtazama tena, na safari hii macho yake yalikuwa na swali.

"Kwa nini sasa, Mihayo? Miaka yote hii, kwa nini ulinidanganya? Nilikukosea nini?"

Minong'ono ikazunguka uwanja. Mtu akasonya. Mzee mmoja wa Wagalu alimgusa Mihayo begani akasema kwa sauti ya kukaripia, "Mwombe mama radhi, kijana. Hilo ulilofanya si jambo dogo."

Mihayo alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja wa kuelewana naye. Hakuupata. Akapiga magoti mbele ya mama yake, matope na yote.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilisema uongo."

Mama Mabula akamwekea kiganja kichwani, akamsamehe mbele ya watu wote, na Wagalu wakapiga vigelegele.